Kabla ya Kuchagua Chuo, Chagua Hisabati

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za pwani huingia katika shughuli mpya. Mwana hukaa na simu mkononi akipitia orodha ya vyuo vikuu, baba huuliza karo, mama huuliza malazi, na jamaa walioko Nairobi hupigiwa simu watoe rai yao. Panapokuwa na mwana aliyefaulu hisabati na kutaka kuiendeleza, mjadala hurefuka zaidi. Neno linalotawala mjadala huo ni jina: chuo hiki kina jina, kile hakina. Jina huzungumzwa hadi usiku, na somo lenyewe likasahauliwa.

Rai ya makala haya ni kwamba kwa anayetaka shahada ya hisabati, suali la kwanza si "chuo gani?" bali ni "hisabati ipi?" Anayechagua chuo kabla ya kulijibu suali hilo aweza kuingia mahali pazuri, akasoma kwa bidii miaka minne, kisha akatoka na shahada isiyofungua mlango alioukusudia.

Jina moja, njia tano

Katika vyuo vikuu vya Kenya, anayesema "hisabati" huenda anakusudia mojawapo ya njia tano. Ya kwanza ni hisabati yenyewe, ambayo humwingiza mwanafunzi katika aljebra ya juu, kalkulasi na uthibitisho wa kanuni. Ya pili ni takwimu, elimu ya kukusanya hesabu za watu, mavuno, maradhi au biashara na kuzisoma kwa usahihi. Ya tatu ni aktuaria, yaani hisabati ya kupima hatari kwa ajili ya bima na malipo ya uzeeni. Ya nne ni hisabati iliyounganishwa na kompyuta. Ya tano ni ualimu wa hisabati.

Njia hizi hushirikiana masomo mengi katika mwaka wa kwanza, ndipo watu hudhani ni kitu kimoja. Tofauti hujitokeza baadaye, na wakati mwingine hujitokeza siku ya kutafuta kazi. Tutazame ualimu. Wazazi wengi huamini kwamba mwenye shahada ya hisabati aweza kuingia darasani na kufundisha skuli ya sekondari. Sivyo. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, humsajili mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia, au mwenye shahada nyingine aliyeongeza stashahada ya elimu baada yake. Zaidi ya hayo, hutazama alama za kidato cha nne: wastani wa C+ na C+ katika kila somo kati ya hayo mawili. Binti anayetaka kuwa mwalimu akichagua shahada ya sayansi ya hisabati kwa kuwa chuo chake kina sifa, huenda akajikuta anarudi kusoma tena, kwa gharama nyingine na muda mwingine.

Aktuaria nayo ina jambo la kuzingatiwa. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mtaalamu kamili wa fani hiyo. Baada yake ipo mitihani mirefu ya kitaaluma, na wengi huifanya kupitia taasisi ya wataalamu iliyoko Uingereza. Chuo ambacho masomo yake yamepangwa kulingana na mitihani hiyo humpunguzia mwanafunzi safari. Na kwa familia zinazojiuliza kuhusu bima kwa mtazamo wa dini, inafaa kukumbuka kwamba takaful nayo huhitaji watu wanaojua kupima hatari na kugawanya michango kwa haki. Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu mwaka 2011, na elimu ya mahesabu hayo ni ile ile.

Jaribio la jioni moja

Je, mzazi ambaye hakusoma hisabati atajuaje mwanawe ni wa njia ipi? Lipo jaribio jepesi linaloweza kufanywa mkekani baada ya chakula cha usiku.

Chukueni kokwa za tende. Wekeni moja. Ongezeni tatu kuizunguka pande mbili, mpate mraba wa mbili kwa mbili, yaani nne. Ongezeni tano, mpate mraba wa tatu kwa tatu, yaani tisa. Ongezeni saba, mpate kumi na sita. Kila mara mnapoongeza witiri inayofuata, mraba hukamilika. Sasa muulizeni mwana: je, itakuwa hivyo daima, hata tukifika elfu? Na kwa nini?

Yuko atakayesema, "Ndiyo, nimejaribu mara kumi, imekubali," akaondoka. Yuko atakayekaa akitazama zile kokwa, asitosheke mpaka aone kwamba kila ukingo mpya huhitaji kokwa mbili zaidi ya ukingo uliotangulia, na kwa hivyo jambo hilo haliwezi kukatika. Huyo wa pili ana moyo wa hisabati yenyewe. Yuko na wa tatu atakayeuliza, "Haya yatumika wapi?" Huyo si mvivu. Huenda takwimu, aktuaria au kompyuta zikamfaa zaidi, kwa kuwa akili yake hutafuta kazi ya kufanya.

Jaribio hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Skulini mwanafunzi huulizwa "jibu ni lipi?" Chuo kikuu humuuliza "wajuaje kwamba ndilo?" Mabadiliko hayo huwashitua hata waliopata A. Wanaoingia wakiyajua huvumilia mwaka wa kwanza. Wanaoingia kwa sababu tu walikuwa wepesi wa kukokotoa huanza kutafuta njia ya kuhama kabla mwaka haujaisha.

Wala pande hizo mbili, kuthibitisha na kutumia, hazikuwahi kuwa maadui. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyeipa dunia neno aljebra. Alieleza kanuni na kuzithibitisha kwa michoro, kisha sehemu kubwa ya kitabu hicho hicho akaiweka kwa masuala ya wasia na mirathi. Aliyewahi kumwona shekhe akigawa mafungu ya nusu, robo, thumni na sudusi ameona hisabati ikilinda haki ya mjane na yatima.

Kuvitazama vyuo vyenyewe

Njia ikishajulikana, ndipo orodha ya vyuo huanza kuwa na maana. Hapa pwani tuna vyuo vikuu vya umma. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko Kilifi, kilianza mwaka 2007 kikiwa tawi shiriki la Chuo Kikuu cha Kenyatta, kikapata hati yake kamili mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilipata hati mwaka huo huo, ila mizizi yake ni ya kale zaidi. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kikiitwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Kilifungua milango kwa wanafunzi wa dini zote mwaka 1966. Wazee wetu walikijenga ili vijana wa pwani wasikose elimu ya ufundi, na hisabati ndiyo msingi wa ufundi huo.

Nje ya pwani viko Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho idara yake ya hisabati iko Chiromo, na vinginevyo kama Kenyatta, JKUAT kilichoko Juja, na Maseno. Vyuo vya kibinafsi navyo vipo, na Strathmore kinajulikana kwa aktuaria. Kabla ya kulipa chochote katika chuo cha kibinafsi, hakikisheni kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Wengi hulinganisha vyuo kwa alama za mwisho za kuingilia zinazoonyeshwa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi. Alama hizo hukokotolewa kwa masomo manne ya kundi, na upeo wake ni 48. Lakini tuelewe zinasema nini. Ni alama za mtu wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Zaonyesha msongamano mlangoni, wala hazipimi mafunzo yanayotolewa ndani. Kozi iliyojaa waombaji ina alama za juu. Kozi nzuri iliyoko mbali na mji yaweza kuwa na alama za chini.

Kipimo bora ni masuali manne ambayo mzazi aweza kuyapeleka idarani au kwa wanafunzi walioko huko. Kwanza, ni masomo gani hufundishwa mwaka wa tatu na wa nne, na je, yote yaliyoandikwa hufundishwa kila mwaka? Mahali pengine somo hutajwa kwenye orodha lakini halifunguliwi mpaka wanafunzi watimie idadi. Pili, darasa lina wanafunzi wangapi, na je, kuna vipindi vidogo vya mazoezi ambamo mwanafunzi husahihishiwa kazi yake? Hisabati haijifunzi kwa kusikiliza. Tatu, je, mwanafunzi atajifunza kuandika programu za kompyuta? Siku hizi hata anayesoma hisabati yenyewe huhitaji ujuzi huo. Nne, waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi leo?

Karo na suala la riba

Tangu mwaka 2023 msaada wa serikali kwa wanafunzi wapya umefungamanishwa na hali ya kila familia: sehemu ni ufadhili usiorudishwa, na sehemu ni mkopo wa HELB. Mpango huo umepita mahakamani, kwa hivyo someni tangazo la mwaka wenu na msitegemee aliyoyapata jirani.

Kwa familia zetu, mkopo huo una uzito mwingine. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa mkopo wa shahada ya kwanza. Si kazi ya makala haya kutoa hukumu. Hilo ni la masheikh, nanyi mwawajua mnaowaamini. Linalofaa kusemwa ni kwamba suali hilo liulizwe kabla ya kuchagua, lisije likazuka mwana akiwa tayari yuko Juja bila ya kodi ya chumba. Familia ikiamua kutochukua mkopo, basi hesabu ya chuo hubadilika yote. Ufadhili usiorudishwa, basari ya kaunti na ya eneo bunge, na msaada wa jamaa hutosha haraka zaidi mwanafunzi akila na kulala kwao. Hapo chuo cha karibu huwa ndicho kinachoiwezesha familia kutimiza dini yake na elimu ya mwana pamoja.

Binti na umbali

Limebaki jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Mara nyingi mvulana hupelekwa popote alipoitwa, na msichana huambiwa, "Kilifi au ukae." Hofu ya wazazi ina sababu zake, na makala haya hayaidharau. Lakini hofu haina budi kugeuzwa iwe masuali yanayojibika: kuna bweni la wasichana ndani ya chuo? Vipindi vya mwisho huisha saa ngapi? Kuna jumuiya ya wanafunzi Waislamu, mahali pa kuswalia, na jamaa aliye karibu? Majibu yakiwa mema, umbali hupungua. Yakiwa mabaya, hayamfai hata mvulana.

Na binti anayebaki karibu asijione amepoteza. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran na akachukua shahada yake ya kwanza humo humo, katika Chuo Kikuu cha Sharif, mwaka 1999. Kisha akenda Marekani, akapata uzamivu Harvard mwaka 2004. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Alifariki mwaka 2017. Sharif ni chuo chenye ushindani mkali, na si kila mji una chuo kama hicho. Hata hivyo njia yake ni ya kuzingatiwa: msingi imara nyumbani kwanza, safari ya mbali baadaye. Kwa vijana wetu safari hiyo ipo pia. Taasisi ya Kiafrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na ambayo sasa ina kituo Rwanda, huwafadhili kikamilifu wanafunzi wa uzamili kutoka kote barani. Inachotaka ni shahada ya kwanza iliyosomwa vyema, na hiyo yaweza kupatikana Kilifi au Mombasa.

Basi kabla dirisha la KUCCPS halijafunguliwa, kaeni pamoja jioni moja. Mwana aandike njia yake kati ya zile tano, na kwa nini. Mama na baba waandike wanachoweza kulipa bila ya kujitia katika wanachokichukia. Kisha orodha ya vyuo iletwe, na kila chuo kipimwe kwa karatasi hizo mbili. Mkishauriana na mkaswali istikhara, jazeni fomu, mumtegemee Mwenyezi Mungu.