Kipimasauti Hakijui Adeudeu

Ukishuka matatu Malaba, muziki hukupokea kabla makanga hajakurudishia chenji. Matrela yaliyopanga foleni kuelekea forodhani yana nyimbo zake, duka la kujaza memori kadi lina zake, nyingi zimetoka ng'ambo ya Uganda, na kinyozi amefungulia wufa mlangoni. Busia mambo ni yale yale. Kwa hiyo mtoto wa mpakani haingii darasani akiwa mgeni wa mitambo ya muziki. Anayebabaika mara nyingi ni mwalimu wa Sanaa Bunifu, ambaye huenda hakusomea muziki, na ambaye ameshaambiwa mengi kuhusu simu, vishikwambi na programu. Mengine anayoambiwa ni kweli, mengine ni porojo za chumba cha walimu.

“Bila maabara ya kompyuta na intaneti, hakuna teknolojia ya muziki.”

Uongo. Karatasi ya pili ya muziki katika mtihani wa KCSE ni ya kusikiliza: mtahiniwa husikilizishwa sauti zilizorekodiwa, naye akaandika alichokisikia. Maandalizi ya karatasi hiyo yalifanywa kwa kanda na redio miaka mingi kabla ya mtu kutaja intaneti shuleni.

Leo simu ya mwalimu peke yake inarekodi, inahesabu mapigo kama metronomu, na kwa programu ndogo ya bure inapunguza mwendo wa wimbo bila kuifanya sauti iwe nzito. Yote hayo yanawezekana bila bando. Kwenye kompyuta, Audacity hufanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Mwanafunzi aliyeshindwa kufuata vidole vya mpiga kinubi anaweza kuvisikiliza kwa nusu ya mwendo, akarudia na kurudia, na mpigaji asichoke. Ambaye bado anategemea intaneti apakue mapema, maana huku mpakani simu huweza kurukia mtandao wa Uganda ukiwa umekaa Kenya, na salio likayeyuka katikati ya kipindi.

Tena kuna vile vishikwambi. Serikali ya Kenya iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa vishikwambi, vikasambazwa katika shule za msingi za umma nchini. Vingi vimelala kabatini, betri zimekufa. Vinavyowaka bado vina kinasa sauti na kamera, na hapo darasa la muziki limeshapata pa kuanzia. Kwa maoni yangu, shule yenye vishikwambi vitano vinavyowaka haina haki ya kulia kwamba haina maabara.

“Programu ya kupimia sauti ndiyo inayojua kama ala imekaa sawa.”

Uongo, na katika haya yote huu ndio unaoharibu zaidi.

Chukua adeudeu, kinubi cha Wateso, ambacho utakikuta kuanzia Malaba na Amagoro hadi ndani ya Uganda. Mzee anayekipiga hukaza nyuzi zake kwa kufuata koo la mwimbaji na masikio yake mwenyewe. Mwalimu anakuja na simu, anafungua programu, na kila uzi ukiguswa mshale unakimbilia kwenye rangi nyekundu. Anahitimisha kwamba ala haijakaa sawa. Anaanza kukaza na kulegeza hadi mshale uwe kijani. Nyuzi zote zikishatulia, kile kinubi kinalia kama kinanda cha dukani, na mzee hawezi tena kukiimbia.

Kilichotokea si fumbo. Programu nyingi za aina hiyo zimefundishwa mfumo mmoja tu: oktava imegawanywa vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande senti 100, na sauti ya A imewekwa kwenye hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Sauti yoyote inayoisikia, programu huisukuma kwenye kipande kilicho karibu. Tuseme uzi mmoja unalia kwa hezi 240. Programu inajua 233 na inajua 247, na kilichoko katikati kwake ni kosa. Kwa mwenye adeudeu hapo katikati ndipo penyewe.

Wapimaji wa zamani walilijua hili. Hugh Tracey alipozunguka Afrika Mashariki akirekodi katika miaka ya 1950, alipima ala za watu kwa uma za sauti ili aandike zilivyo, bila kuzirekebisha. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala kuanzia 1948 hadi 1957, alipima ala za Buganda na kukuta oktava imegawanywa sehemu tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kila moja karibu senti 240. Ukiutafuta mpangilio huo kwenye kinanda cha umeme cha kawaida, hutaupata kwenye vibao vyake, vyeupe wala vyeusi.

Je, programu itupwe? Hapana, ibadilishiwe kazi. Nyingi huonyesha pia idadi ya hezi, na namba hiyo haina upendeleo. Mwombe mzee akaze kinubi anavyotaka yeye, kisha agonge uzi mmoja mmoja huku simu ikirekodi. Andika namba ya kila uzi kwenye daftari, ukianza na uzi mnene. Muhula ujao, hali ya hewa itakapokuwa imelegeza ngozi na nyuzi, una kumbukumbu ya kurudia, na ni ya mzee yule, si ya kiwanda. Wenye litungu, ala nyingine ya nyuzi, wafanye vivyo hivyo. Watoto nao wapewe zile namba wapime tofauti kati ya uzi na uzi, na hapo mwalimu wa hesabu atapata sababu ya kuchungulia dirishani.

“Watoto wakizoea midundo ya simu, ngoma zitakufa.”

Nusu kweli. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega kati ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Kweli, burudani za kisasa zilitajwa kuwa zimewavuta watazamaji. Lakini yalitajwa pia mambo ambayo hayana uhusiano na simu: wenye ujuzi wamezeeka na hawana warithi, na fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma ni haba.

Ninachokiogopa mimi ni kile kitufe cha mdundo kwenye kinanda cha umeme. Ukikibonyeza, mashine inashika mwendo mmoja na haimsikilizi mtu. Isukuti ni ngoma zinazojibizana, kubwa na ndogo, na mpigaji mzuri humtazama mchezaji miguuni. Mtoto aliyejifunza kwa kitufe atajua kuhesabu moja hadi nne, ila kujibu hatajua. Basi kitufe kizimwe. Simu itumike kurekodi kila ngoma peke yake, kisha zote pamoja, darasa lisikie sehemu moja inavyoingia penye pengo la nyingine.

“Rekodi ya simu haifai kitu, ngoma hutoka zimepasuka.”

Ni kweli ukiiweka simu kando ya ngoma. Maiki yake imeundwa kwa ajili ya mazungumzo, na ikipigwa na kishindo sauti hukatika. Rudi nyuma hatua tano au sita, iweke juu ya dawati lenye sweta iliyokunjwa ili isinase mtikisiko wa sakafu, na uelekeze maiki kwa waimbaji. Kama ina sehemu ya kuzima upunguzaji wa kelele, izime, kwa sababu kipengele hicho hudhani sauti ndefu ya kuimba ni mngurumo wa feni na kuifuta. Halafu piga sekunde kumi za majaribio usikilize kwanza.

“Kwaya inaweza kufanya mazoezi kwa simu ya video.”

Uongo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi duniani walijaribu na kugonga ukuta ule ule: sauti huchelewa njiani, na sikio la mwanamuziki husumbuliwa na ucheleweshaji hata wa sehemu chache za mia za sekunde. Kinachowezekana ni kila mwimbaji ajirekodi akifuata sauti moja ya kuongoza, halafu mtu aziunganishe. Spika ya Bluetooth nayo ina ugonjwa huo huo. Kwa kusikiliza wimbo haina neno. Kwa mtoto anayepiga kinanda cha kwenye simu, sauti humfikia akiwa ameshahamia kibao kingine. Nunua waya.

“Solfa imepitwa na wakati, sasa kuna programu za noti.”

Uongo. MuseScore ni ya bure na ni nzuri, na mwanafunzi wa KCSE lazima azijue noti za mistari. Lakini kwaya nyingi za shule na kanisa huku zinajifunza kwa solfa ubaoni, na picha moja ya ubao huo ikitumwa kwa WhatsApp inatosha kuwapa wote sauti zao kabla ya Jumamosi.

“Wimbo nikiurekodi ni wangu, naweza kuuweka YouTube.”

Uongo, na safari hii ni suala la sheria. Tangu 2016 Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni, nayo inataka idhini ya jamii itafutwe kabla ya nyimbo na ngoma zake kutumiwa na mtu wa nje. Kurekodi kwa ajili ya kipindi chako ni jambo moja, kuutandaza mtandaoni ni jingine kabisa, hasa nyimbo za mazishi au za mapacha ambazo zina siku yake na watu wake. Hapa kwetu kuna tatizo la ziada: Wateso wako Kenya na wako Uganda, na wimbo uliouchukua Amukura huenda una wenyewe Tororo pia.

Kwa hiyo, kabla mzee hajagusa uzi, washa kinasa na umwombe ajitaje, ataje alikotoka, wimbo ni wa shughuli gani na nani anaruhusiwa kuusikia. Akikwambia uishie darasani, andika hivyo kwenye jina la faili, maana mwaka ujao huenda simu hiyo ikawa mikononi mwa mwalimu mwingine.