Mkoche Mmoja Hauzai

Jiji letu la Dar es Salaam limeitunza jamii ya minazi kwa majina na kuisahau kwa vitendo. Mgeni anayeteremka Mnazi Mmoja, akavuka Kariakoo, akaingia Mchikichini, kisha akapanda basi la kwenda Mikocheni, huwa amepita penye mnazi, mchikichi na mikoche kwa masikio tu. Macho yake yameona maduka, maghorofa na magari. Waliotutangulia hawakuyabuni majina hayo kwa kupendezwa na sauti zake. Waliyaita mahali kwa kilichoota mahali hapo. Hata Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mji kutekwa mwaka 1916, ilikuwa ardhi ya mashamba ya minazi kabla haijawa mitaa.

Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili sasa kwa sababu kuna ardhi inayotafutiwa miti. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, una nia ya kuigeuza sehemu ya bonde hilo kuwa bustani ya jiji, hapo Jangwani, hatua chache kutoka sokoni. Mafuriko yamewatesa wananchi wa bonde hilo miaka mingi, na wengi wamehamishwa. Basi ni haki yao na yetu kuuliza: katika bustani hiyo itapandwa miti gani, na mbegu zake zitatoka wapi?

Swali la mbegu ndilo gumu. Mwananchi akizunguka maduka ya pembejeo ya Kariakoo atapata pakiti za mchicha, bamia, nyanya na tikiti, zimefungwa vizuri na zina tarehe. Aulize mbegu ya mkoche, ya mvumo au ya mwale, ataangaliwa kama mtu aliyepotea njia. Tusimlaumu mwenye duka. Biashara ya mbegu hutaka kitu kinachokauka, kinacholala kwenye pakiti na kuamka msimu ujao. Nazi hailali hivyo. Ikikomaa huanza kuota, na ikikauka ndani hufa. Aidha mnunuzi wa mchicha hurudi baada ya wiki chache kununua tena, ilhali aliyepanda mkoche atasubiri miaka mingi kabla ya kuonja koche lake la kwanza. Kwa hiyo mbegu za miti hii tangu zamani zimesafiri kutoka mkono hadi mkono, jirani kwa jirani, na desturi hiyo ikikatika hakuna duka litakaloiziba nafasi yake.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalijui sana. Mnazi unaweza kusimama peke yake na ukazaa, maana kole moja hubeba maua ya kike na ya kiume. Ndiyo maana Mnazi Mmoja ni jina lisilo na kasoro. Mkoche, mvumo, mkindu na mtende sivyo ilivyo. Miti hiyo ina madume na majike, na jike lisilo na dume karibu halitoi tunda la maana. Ubaya wake ni kwamba mbegu haina alama. Mpandaji hawezi kujua amepanda dume au jike mpaka siku utakapotoa maua. Mwenye kiwanja kidogo Gerezani akipanda mbegu moja tu amejipandia kivuli na bahati nasibu. Lakini nyumba sita za mtaa mmoja zikigawana mbegu na kila moja ikapanda wake, itatokea mara moja tu kati ya 32 kwamba miti yote iwe ya jinsia moja. Hatuna haja ya kuuhubiria mkoche ujamaa, umezaliwa nao.

Hapo mtende unatupa kisa cha kufurahisha. Mwaka 2005 wataalamu walipanda kokwa ya tende iliyopatikana katika magofu ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, iliyokaa karibu miaka 2,000. Ikaota! Dunia ikashangilia, na baada ya miaka kadhaa mti ukatoa maua ukatambulika kuwa ni dume. Ilibidi kuotesha kokwa nyingine za kale, na mwaka 2020 ndipo jike mojawapo likazaa. Sisi tuliokaa chuoni utotoni tulifundishwa kwamba Bi Maryamu aliposhikwa na uchungu alikimbilia shina la mtende, na kila Ramadhani tunatema makokwa ya tende kwa magunia katika mitaa hii. Lakini tuseme kweli: anayetaka tende azitazamie zaidi Tabora, ambako mitende ilifika na misafara ya biashara katika karne ya 19, au nyanda kavu za Dodoma. Unyevu na mvua za pwani huliharibu tunda kabla halijaiva. Na wakulima wa tende wenye uzoefu hawategemei kokwa. Hung'oa machipukizi ya shina la jike, na hupandisha poleni kwa mkono.

Kwa pwani yetu somo kubwa limetoka kwenye mnazi. Mwaka 1979 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, makao yake Mikocheni, penye kituo ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Ulikuwapo, na upo hadi sasa, ugonjwa hatari unaoangusha madafu machanga, ukageuza makuti manjano, na mwishowe ukauacha mnazi umesimama kama nguzo isiyo na kichwa. Zilijaribiwa aina nyingi kutoka nchi za ng'ambo, na nyingi ziliteketea. Baadhi ya minazi mirefu ya kienyeji, iliyotoka katika mashamba ya pwani hii hii, ilistahimili kuliko hiyo migeni. Mbegu bora haikuwa imefungwa katika meli. Ilikuwa inaning'inia shambani kwa mzee asiyejua thamani yake, akiiuza kwa wenye baiskeli za madafu. Kila dafu tunalolinywa hapa Kariakoo ni mbegu iliyokatwa kabla ya wakati wake. Hatusemi watu waache madafu, na sisi hatutaacha. Tunasema mnazi uliobaki mzima katikati ya minazi iliyokufa uachiwe nazi zake zikomae, zigawanywe.

Kugawana nako kuna adabu yake. Miche ya minazi isihamishwe ovyo kutoka mahali penye ugonjwa kwenda mahali pasipo na ugonjwa. Maafisa ugani waulizwe kwanza. Mchikichi nao una mtego. Tangu Serikali ilipolivalia njuga zao hilo mkoani Kigoma mwaka 2018, miche ya kisasa imezalishwa katika kituo cha TARI Kihinga, na ni chotara wa wazazi wawili waliochaguliwa. Anayeokota mbegu chini ya chotara huyo na kumpa ndugu yake amempa hasara, kwa sababu ni nusu tu ya watoto watakaofanana na mama. Robo watarudia ganda nene na robo watakuwa karibu wote hawana faida. Mbegu hiyo ichukuliwe kituoni.

Mkoche hauna masharti hayo. Uko pia mpapindi, ambao kwa asili hauoti popote duniani isipokuwa Pemba, katika msitu wa Ngezi na pembezoni mwake. Tunda lake jekundu si chakula cha watu, lakini wapenda miti wa Marekani wameuotesha kwa mbegu katika bustani zao, na sisi tulio ng'ambo ya mkondo tu hatuna habari nao.

Kwa maoni yetu Halmashauri ya Jiji isingojee mkandarasi alete minazi ya pambo isiyozaa kitu. Mabalozi wa mashina wa Kariakoo, Mchikichini na Jangwani (na Chama chetu hakikuazima neno hilo la shina bure) waanze kuotesha sasa, pamoja na shule na misikiti. Mikindu na miwale ipelekwe bondeni palipo na maji, maana huko ndiko kwao. Mikoche ipandwe kingoni pakavu, kwa makundi ya sita au zaidi, kamwe usipandwe mmoja. Koche liliwe kwanza au limenywe, kokwa ilowekwe siku kadhaa, kisha ifukiwe katika ndoo ndefu iliyotobolewa chini. Viriba vifupi vya vitalu havifai, kwa kuwa chipukizi la mkoche haliinuki juu kwanza. Huzama chini kama msumari, likigonga sakafu hupinda. Inaweza kupita miezi mingi bila jani kuonekana, na watoto wa shule watakuja kuuliza kama mbegu imekufa. Waambiwe waendelee kumwagilia.