Kuta ndizo zinazolipa

Ukitaka kujua mchoraji wa Kitui anakula nini, usimuulize habari za watalii. Muulize ukuta wa mwisho aliopaka ulikuwa wa nani, na kama mwenyewe amemaliza kulipa. Aghalabu utatajiwa shule, bucha, saluni, kanisa au mwanasiasa. Jibu la swali la pili huja polepole zaidi.

Ofisini mambo ni tofauti. Huko mazungumzo juu ya sanaa ya Ukambani huanzia uwanja wa ndege. Afisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogondogo, ambaye hakutaka kutajwa kwa kuwa si msemaji, alifungua mazungumzo kwa takwimu moja na kuyafunga kwa takwimu hiyohiyo: mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4. Idadi hiyo imepita ile milioni mbili na kidogo ya 2019, na haifanani kabisa na ya 2020, mwaka wa korona, ambapo hata laki sita hawakufika. Kwa hoja yake kila mgeni ni mnunuzi, na kilichobaki ni msusi wa Mutomo na mchongaji wa Makindu kujipanga. (Kujipanga ni neno linalopendwa sana na watu wenye mshahara.) Alipoulizwa ni wangapi kati ya hao waliobeba kitu kilichotengenezwa Kitui au Makueni, alirudi kwenye milioni 2.4.

Takwimu hiyo ilimchekesha mama mmoja anayeuza vyondo, vinyago na shanga kando ya barabara kuu ya Mombasa, upande wa Makueni. Wageni hao anawaona, asema. Wanapita. Kibanda chake kilijengwa kwa ajili ya basi lililosimama mchana, abiria akanyoosha miguu, akala, akakumbuka kwamba anaenda kwa watu mikono mitupu. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, abiria wengi wa aina hiyo walihamia huko, na treni ya moja kwa moja haimshushi mtu akachague kiondo. Mabasi mengi anayoyaona sasa ni ya usiku, na abiria wa saa nane za usiku huteremka kwenda haja na kunywa chai. Hanunui twiga wa mbao. Magari ya watalii nayo husimama kwenye maduka makubwa ya vinyago, yale ambayo dereva huondoka na asilimia yake mfukoni. Mwenye kibanda hana asilimia ya kumpa dereva, kwa hiyo hana dereva.

Malalamiko yake hayakuishia hapo, na kwa haki yanafaa kusikilizwa hadi mwisho, maana ni mmoja wa wachache waliobaki wanaojua bei katika kila hatua ya safari ya kiondo. Kwa hesabu yake, kiondo cha wastani cha mkonge, kisicho na mikono ya ngozi, hukinunua kwa kikundi cha akina mama kwa shilingi 500 hadi 700. Uzi umesokotwa pajani, ukatiwa rangi, kisha kikasukwa jioni baada ya kuni, maji na watoto. Ni kazi ya wiki moja hadi mbili. Gawanya mwenyewe. Kwa siku, msusi anapata pungufu ya mtu aliyekwenda kupalilia shamba la jirani. Kiondo hicho kikishonewa ngozi, mama huyu hukiuza 1,500 mteja akiwa mkali, na 2,500 akiwa mgeni. Baada ya hapo binti yake humwonyesha kwenye simu duka la ng'ambo linalouza kinachofanana nacho kwa dola 40 na zaidi, kikiwa kimepigwa picha juu ya meza nyeupe kando ya maua. Alichukua muda kukiri kwamba kati ya shilingi 600 na 1,500 kuna faida yake pia. Faida hiyo, asema, huliwa na leseni ya kaunti, fundi wa ngozi na miezi ambayo hapiti mtu.

Jambo ambalo afisa hakuligusa, na ambalo mama huyu analijua kama viganja vyake, ni kwamba bei ya kiondo hufuata mawingu. Mvua ya Ukambani inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mvua ikinyesha, wanawake huingia shambani na mahindi, kunde na ndengu, ususi unalala. Mvua ikikosekana, kila nyumba hutafuta shilingi, na kila aliyefundishwa na nyanya yake kusokota mkonge hutoa kiondo. Vyondo hujaa, bei hushuka. Misimu mitano mfululizo ilipokauka kati ya mwisho wa 2020 na 2022, mabroka hawakuhangaika kutafuta mali, mali iliwafuata. Kwa hiyo msusi huuza kwa bei ya chini kabisa katika mwaka anaohitaji pesa kuliko miaka yote. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani nao hutaka mzigo wa Krismasi uwe umeondoka kabla ya Desemba, yaani oda kubwa huiva juma lilelile ambalo mbegu inataka kuingia ardhini. Kikundi kinachochagua oda hupoteza msimu wa shamba, na kinachochagua shamba humpoteza mnunuzi. Semina za "kuwajengea wasusi uwezo" hufanyika kwa wingi, ila sijasikia moja iliyoanza na kalenda ya mvua.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilitarajiwa kuwa neema kwa kiondo. Ilisaidia kwa kiasi. Mijini kiondo kilirudi mabegani mwa vijana, lakini sokoni nafasi ya plastiki ilichukuliwa na mfuko wa kitambaa chepesi unaouzwa kwa shilingi chache. Mama mboga hawezi kumfungia mtu nyanya za hamsini ndani ya kiondo cha elfu moja.

Uchongaji nitaupitia haraka, kwa kuwa kilio chake kinajulikana tangu zamani. Kila mtu huku amesimuliwa jinsi ufundi wa vinyago vya biashara ulivyorudi na askari wa Wamunyu, ng'ambo ya mpaka upande wa Machakos, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akitokea Tanganyika. Ufundi ukaenea, miti ikaisha. Mpingo na muhugu mzuri ni adimu, na wachongaji wamehamia jakaranda, mwembe na mwarobaini, miti inayokua upesi na inayopandwa mashambani. Mwarobaini ulipigiwa debe tangu miaka ya 1990 na wahifadhi, na debe hilo halikuwa la bure. Tatizo lililobaki ni karatasi. Gogo ulilokata shambani kwako likifika barabarani linahitaji kibali cha kusafirishia, na tangu Kitui ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa mwaka 2018, wachongaji wanasema kizuizini hakuna anayetofautisha gogo la kinyago na gunia la makaa mpaka "mmeelewana".

Turudi kwenye kuta, mahali ambapo pesa nyingi za wasanii wa kaunti hizi mbili hutoka, ingawa hazionekani katika ripoti yoyote ya mauzo ya nje.

Mchoraji wa Kitui mjini anayefanya kazi hii tangu enzi za mabango ya sinema za video alinipa mwaka wake kama ifuatavyo. Januari na Februari ni shule za kibinafsi: ramani ya Kenya, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, alfabeti yenye wanyama, na kaulimbiu ya shule langoni. Pasaka ni makanisa. Katikati ya mwaka ni bucha, vinyozi, maduka ya dawa za mifugo na baa zinazobadili mmiliki. Desemba watu wa Nairobi hurudi nyumbani, hupaka nyumba, na mmoja kati yao hutaka picha ya marehemu baba sebuleni. Picha hiyo ndiyo pekee inayomfanya ajione msanii, na mara nyingi ndiyo yenye malipo madogo kuliko zote. Glosi ya lita nne imepanda mno, kwa hiyo siku hizi mteja hununua rangi mwenyewe na yeye hulipwa mkono tu. Ni afueni, isipokuwa mteja hununua rangi ya bei poa, inamenyuka kabla ya mwaka kwisha, na lawama zinarudi kwa aliyeshika brashi.

Adui wake hayuko ng'ambo, yuko mtaa wa pili. Mashine ya kuchapisha mabango hutoa kwa nusu saa kile ambacho brashi hutoa kwa siku mbili, hata kama jua la Kitui litakifuta kabla ya mwaka. Hilo amelizoea. Linalomuuma ni kampuni kubwa za simu, soda na rangi zinazopaka maduka ya vijijini bure, ukuta mzima, kwa rangi zao. Mwenye duka hufurahi; amepata duka jipya bila senti. Waliopaka walikuja na lori kutoka Nairobi, walilala usiku mmoja na kuondoka. Katika soko moja la njia ya Mutomo, kwa madai yake, kuta zilizokuwa zake zilikwisha zote kwa siku tatu. Sina njia ya kuthibitisha dai hilo, lakini yeyote aliyepita masoko ya Ukambani ameziona rangi zenyewe.

Kisha kuna risiti. Hoteli na shule zilizosajiliwa sasa hudai risiti ya eTIMS, yaani ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, kabla ya kutoa hundi, kwa kuwa tangu 2024 gharama isiyo na risiti hiyo haihesabiki kwenye kodi yao. Kwa mhasibu ni jambo dogo. Kwa mchoraji mwenye simu ya kioo kilichopasuka ni sababu ya kumpa kazi kijana mwenye kampuni iliyosajiliwa, ambaye naye humwita mchoraji yuleyule aje apake kwa theluthi ya pesa.

Mtaala mpya wa shule nao umezaa biashara ambayo hakuna aliyeipanga. Mtoto huambiwa alete kikapu au mwanasesere aliyetengeneza mwenyewe, mzazi hukumbuka saa mbili za usiku, na asubuhi fundi amelipwa mia mbili. Nyanya wengi wa Makueni wamepata alama nzuri katika Sanaa Bunifu.

Vijana, kwa upande wao, hawangoji ukuta wala basi. Huchora picha za penseli kutoka kwenye picha za simu, hupaka vibuyu, hutia shanga kwenye viatu, na kila hatua ya kazi huirusha TikTok au kwenye stetasi ya WhatsApp. Dada mmoja wa mji wa Wote anayepaka vibuyu kwa michoro inayotokana na ile ya kale ya Kikamba anasema nusu ya siku yake ya kazi haishiki brashi: anapiga picha, anajibu "bei gani?", anaeleza kwa nini si mia tatu. Wateja wake walio bora ni Wakamba wa Nairobi, Mombasa na Ghuba wanaotaka kitu cha nyumbani kwa ajili ya harusi. Wanalipa kwa simu, nusu kwanza, na hawaulizi bei mara mbili. Hao hawamo katika milioni 2.4.

Lakini kuonyesha ni kuibiwa pia. Mchoro wake mmoja aliukuta umechapishwa kwa mashine kwenye vikombe, mjini Nairobi. Wasusi nao hawaachi kusimulia kwamba kiondo kilisajiliwa Japani kikawa mali ya Wajapani. Kisa hicho kimerudiwa mno kuliko kilivyothibitishwa, na kinawasaidia wanasiasa kuliko wasusi. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni ipo tangu 2016, na inazitaka kaunti ziwe na daftari la maarifa hayo. Afisa wetu alisema suala hilo "linashughulikiwa". Dada wa vibuyu hakuwahi kusikia kuna daftari. Amejifunza kuweka mtandaoni picha ya kibuyu kilichokwisha kuuzwa, tena upande mmoja tu.

Kwa miezi ijayo, dalili hazisemi kitu kimoja. Soko la Marekani liliyumba mpango wa AGOA, ulioanza 2000 na kusamehe ushuru bidhaa za Afrika, ulipofikia ukomo Septemba 2025, ingawa kwa msusi anayelipwa 600 ni vigumu kuona ushuru ungepunguza nini zaidi. Lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imewafikisha mabroka vijijini kwa urahisi. Wengine wanasema bei imepanda kwa ushindani, mama wa kibanda anasema wanunuzi wamekuwa wengi na ukarimu umebaki uleule. Mvua ikiwa nzuri vyondo vitapungua, na huenda bei ikainuka, endapo wanunuzi hawatakwenda kwingine.

Wachoraji wanatazama Agosti 2027. Msimu wa kura huleta kuta, magari na majukwaa ya kupaka, na huleta wadeni. Mchoraji wa Kitui bado ana picha, kwenye simu, ya uso wa mgombea wa 2022 alioupaka kwenye ukuta wa ghala na ambao haujalipwa wote. Mwenyewe alishindwa na namba yake haipatikani. Wanaotaka viti wameanza kumuulizia bei. Safari hii, asema, brashi hailowi kabla pesa yote haijaingia kwenye simu. Nilipomuuliza kama amemweleza hivyo yule aliyempigia wiki iliyotangulia, alicheka, akasema huyo ni mtu wa nyumbani.