Mtoto Asiyesema Wala Kushika: Je, Anaelewa?

 

Leo tunamzungumzia mtoto ambaye viungo vyake havimtii. Huenda ni wako, huenda ni wa jirani hapo Kikambala, Kanamai au Vipingo. Ana miaka sita. Shingo haijakaza, mikono imekakamaa, maneno hayatoki. Wageni wanaingia, wanamtazama, na wanasema mbele yake, "Masikini, huyu hajui kitu."

Wamejuaje?

Hali hii hospitalini huitwa mtindio wa ubongo, na wengi wenu mmeizoea kwa jina la CP. Huja pale sehemu ya ubongo inayoongoza misuli inapoumia, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya kwanza. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani anaweza kubaki hivyo. Lakini sehemu ya ubongo inayoongoza mkono siyo ile inayoelewa hadithi. Zote mbili zinaweza kuumia, na watoto wengi wenye CP kweli wana uzito wa kuelewa. Hilo tusifichane. Wapo wengine wanaoelewa vizuri sana, ila hawana njia ya kuonyesha.

Tatizo liko kwenye kipimo. Mtoto akipelekwa kupimwa akili huambiwa, "Panga vibao hivi," "Nionyeshe kwa kidole," "Hiki kinaitwaje?" Kila swali linataka mkono au mdomo. Hapa Kilifi tuna kipimo chetu wenyewe kilichotengenezwa na Amina Abubakar na wenzake, ambacho walikiandikia katika jarida la kitabibu mwaka 2008. Ni cha watoto wa miezi 6 hadi 35, na kinatumia vitu ambavyo watoto wa huku wanavifahamu. Ni kipimo kizuri. Lakini kazi yake ni kuangalia jinsi mtoto anavyotembea na anavyotumia macho na mikono pamoja. Asiyeweza kushika kitu atapata alama ndogo, na alama hiyo haitakwambia anaelewa kiasi gani.

Ndiyo maana wataalamu wengine wameanza kuuliza ubongo moja kwa moja, kwa njia ya mchezo.

Kama una mtoto wa kifafa, huenda umeiona ile kofia yenye nyaya inayopima umeme mdogo wa ubongo. Kipimo hicho huitwa EEG. Kofia haipeleki umeme kichwani. Inasikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza kifua. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupima umeme huo kwa binadamu, mwaka 1924.

Sasa, ubongo una tabia moja. Ukingojea kitu kisha kikatokea, ubongo hushtuka kidogo baada ya kama theluthi moja ya sekunde, na kofia huona mshtuko huo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Jane Huggins na wenzake walitumia tabia hii. Mtoto anasikia neno, tuseme "kikombe". Kwenye kompyuta kuna picha nne, zinamulikwa moja baada ya nyingine, mara nyingi. Kazi yake ni kungojea ile ya kikombe. Kompyuta inaangalia ubongo ulishtuka picha ipi ilipomulikwa. Hakuna aliyenyoosha kidole, na jibu limepatikana. Huko Calgary, Kanada, watoto wasioweza kutumia mikono huvaa kofia kama hizo wakaendesha magari ya kuchezea na kuchora picha.

Usiogope kwamba mashine inasoma siri za mtoto. Haiwezi. Hata kazi hiyo ndogo huishinda mara nyingine, kwa sababu mtoto akijikaza au kutikisika nyaya husoma misuli badala ya ubongo. Bado ni chombo cha watafiti. Hutakikuta katika zahanati, wala usimlipe mtu anayedai anacho.

Wewe unaweza kuazima wazo lenyewe: kumpa mtoto njia ya kujibu isiyotaka mkono. Kwanza hakikisha macho na masikio yake yamepimwa. Kisha mchague wakati ameshiba na hana usingizi. Mkalishe vizuri, kichwa kimeegemezwa. Shika kikombe upande mmoja na mpira upande mwingine, umbali anaoweza kuona. Uliza, "Kikombe kiko wapi?" Halafu nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi, maana watoto hawa huchelewa kujibu na sisi hatuna subira. Utazame uso wake, usikitazame kikombe, la sivyo atafuata macho yako. Badilisha pande bila mpangilio. Fanya mara kumi, si lazima siku moja.

Akipatia tano, huenda ni bahati. Akipatia tisa, huyo anakujibu. Akishindwa pia usikate shauri, huenda macho yake hayageuki vizuri. Tafuta ishara nyingine ambayo tayari anaiweza: kuinua macho, kufumba, kutabasamu. Ishara hiyo iwe ndiyo "ndiyo" yake, na nyumba nzima iijue, hata kaka zake wadogo.

Andika ulichoona kwenye daftari, tarehe na vitu ulivyotumia. Ukienda kliniki ya mazoezi ya viungo, au kituo cha EARC kinachotathmini watoto kwa ajili ya shule, mwonyeshe mtaalamu kabla hajaanza kupima. Mwambie, "Mwanangu anajibu kwa macho." Kisha umwombe ajaribu hivyo naye.

Na mgeni akija akasema yale maneno mbele ya mtoto, mwambie ateremshe sauti au amsalimie kwanza.

Kipindi kijacho, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kumlisha mtoto anayepaliwa. Njoo na maswali yako.