Heshima Si Utumwa: Wajibu wa Familia katika Mafunzo ya Karate kwa Watoto

Katika mji wa Moshi na katika kata za mlimani, saa kumi jioni ni saa ya watoto. Masomo yamekwisha, sare za shule zimevuliwa, na baadhi yao hushika njia wakiwa na mfuko wenye vazi jeupe na mkanda, wakielekea ukumbini au kwenye darasa lililo wazi kujifunza karate, judo au taekwondo. Wazazi huwapeleka kwa sababu mbalimbali. Mmoja anataka mwanawe awe na afya na ukakamavu. Mwingine anataka binti yake aweze kujihami njiani. Wa tatu amechoshwa na utundu wa nyumbani na anatumaini kuwa mwalimu atamrudi mtoto kwa niaba yake.

Sababu hizo zinaeleweka, ingawa hiyo ya mwisho inahitaji tahadhari, kama itakavyoelezwa. Jambo la kwanza ambalo familia inapaswa kulitambua ni kwamba mafunzo haya hayaanzi na ngumi. Huanza na heshima, na heshima hiyo inamhusu mzazi kama inavyomhusu mtoto. Jambo la pili ni kwamba heshima hiyo ina mipaka yake. Wahenga walisema heshima si utumwa, na mzazi anayemkabidhi mwalimu mtoto wake hajamkabidhi haki ya kutoulizwa.

Chimbuko la taratibu

Judo iliasisiwa na Kano Jigoro, mwalimu wa Kijapani aliyefungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882. Alifundisha kwamba nguvu itumike kwa namna iliyo bora zaidi, na kwamba wawili wanaofanya mazoezi pamoja wanapaswa kunufaika wote. Karate ilitoka visiwa vya Okinawa, na mwaka 1922 Funakoshi Gichin aliionyesha Tokyo, ikaanza kuenea Japani nzima na baadaye duniani. Taekwondo ni mchezo wa Korea. Nchini Tanzania, karate ya mtindo wa Goju-ryu ilipata mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kupitia kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyehamia nchini. Shule yake ya Zanaki ilijulikana kwa jina la Kiswahili: Hekalu la Kujilinda. Shabaha imetajwa wazi katika jina hilo. Mwanafunzi hufundishwa kujilinda, wala hafundishwi kushambulia.

Kwa kuwa mtoto anafundishwa mbinu zinazoweza kuumiza, taratibu za adabu ndizo zinazomlinda mwenzake. Kuinamiana kabla ya zoezi ni namna ya kumwambia mwenzako kwamba hutamdhuru kwa makusudi. Kusimama papo hapo mwalimu anapotoa amri ya kusimama ni usalama, kwa sababu pigo moja lililochelewa kuzuiwa laweza kuvunja pua au kung'oa jino.

Wapo wazazi, Wakristo na Waislamu, wanaoingiwa na shaka wamwonapo mtoto akiinama. Huko Japani kuinama ni salamu ya kila siku, kama vile mtoto wa hapa anavyomwamkia mkubwa kwa shikamoo. Hata hivyo, familia isiyoridhika inayo haki ya kuuliza. Njia iliyo sahihi ni kuzungumza na mwalimu kabla ya kumwandikisha mtoto, ili wakubaliane namna nyingine ya kuonyesha heshima, kuliko kuibua mabishano mbele ya darasa. Vivyo hivyo kwa mavazi ya binti: mashirikisho ya dunia ya karate na taekwondo yanaruhusu hijabu ya michezo hata katika mashindano.

Kabla ya kutoka nyumbani

Vazi la mazoezi liwe safi na kavu. Katika miezi ya masika, na katika baridi ya Juni hadi Agosti, nguo nzito huchelewa kukauka huku mlimani, hivyo ni vyema lifuliwe mara tu baada ya mazoezi badala ya kungoja siku ya kuvaliwa. Kucha zikatwe. Hereni, bangili na mikufu vibaki nyumbani. Mtoto mwenye mapunye, upele au kidonda kilicho wazi apumzike hadi atakapopona, kwa kuwa ngozi hugusana na maradhi hayo huambukiza.

Mtoto asipewe mlo mzito muda mfupi kabla ya mazoezi. Sahani ya machalari ina wakati wake, na wakati huo ni baada ya kurudi. Kabla ya kwenda, ndizi mbivu moja na maji ya kunywa vinatosha.

Familia iulize mapema gharama zote: ada ya mwezi, vazi, mtihani wa mkanda na safari za mashindano. Si lazima kununua vazi siku ya kwanza; walimu wengi humruhusu anayeanza kuvaa nguo za michezo. Familia ambazo mapato yake hutegemea msimu wa kahawa zinaweza kumwomba mwalimu utaratibu wa kulipa kwa msimu. Ni heri kusema mapema kuliko kumkwepa mwalimu njiani, huku mtoto akiona aibu kwa deni lisilo lake.

Ndani ya ukumbi

Mzazi anayefika ukumbini huvua viatu mahali wengine walipovua. Udongo mwekundu wa njia za Kibosho au Uru ukiingia kwenye sakafu ya mazoezi humaanisha watoto kuteleza na kuangukia tope. Simu huwekwa kimya. Salamu hutolewa kwa sauti ya chini, na mazungumzo marefu na mwalimu hungoja hadi darasa liishe. Mtoto aliyechelewa hasukumwi ndani. Husimama mlangoni hadi mwalimu amruhusu, na mzazi hueleza sababu ya kuchelewa baadaye.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mzazi kufundisha akiwa pembeni. Mtoto anaposikia sauti mbili, ya mwalimu mbele na ya baba nyuma, hushindwa kufuata yoyote, na akigeuza kichwa kumtazama baba ndipo anapopigwa. Anayetazama na atazame kwa utulivu. Akimwona mwanawe akikosea, amwachie mwalimu kazi hiyo. Akimwona akilia, angoje kidogo aone mwalimu anafanya nini; lakini akiona hatari ya kweli, asingoje ruhusa ya mtu yeyote.

Picha nazo zina adabu yake. Mzazi anaweza kumpiga picha mwanawe mwalimu akiruhusu, lakini kusambaza picha za watoto wa wengine kwenye makundi ya simu bila ridhaa ya wazazi wao ni kuwakosea heshima na kuhatarisha usalama wao.

Mkanda si shahada ya ukoo

Mikanda ya rangi ilienea katika karne ya 20 ili wanaoanza waone hatua zao. Ni chombo cha kufundishia. Haielezi thamani ya mtoto wala ya familia yake, na watoto wawili walioanza siku moja wanaweza kupanda kwa mwendo tofauti. Mzazi anayemshinikiza mwalimu ampandishe mwanawe, au anayemlinganisha mtoto na binamu yake mbele za watu, huharibu kile alicholipia ada.

Lililo baya zaidi ni kumpiga au kumtukana mtoto aliyeshindwa mtihani au pambano. Mtoto huyo hujifunza kuwa nguvu ni kwa ajili ya kuumiza aliye mdogo, somo lililo kinyume na yote aliyofundishwa ukumbini. Baada ya pambano, ashinde au ashindwe, inatosha familia kumpokea, kumpa maji na kumuuliza amejifunza nini.

Nyumbani pia kuna wajibu. Mtoto asiombwe kuwaonyesha wageni mapigo sebuleni, wala asichekewe anapomjaribia mdogo wake teke. Na mwalimu asigeuzwe kuwa fimbo. Kauli ya kwamba mtoto atashtakiwa kwa mwalimu wake kila anapokataa kuosha vyombo humfanya auogope ukumbi, na humpa mwalimu mamlaka ambayo ni ya mzazi. Hapo ndipo ilipo tahadhari iliyotajwa mwanzo: kumrudi mtoto ni kazi ya malezi, na haiuzwi kwa ada ya mwezi.

Haki ya kuuliza

Mafunzo haya humzoesha mtoto kutii upesi na kumwamini mwalimu. Kwa mwalimu mwema, utii huo ni msingi wa usalama. Kwa mtu mwenye nia mbaya, utii huohuo ni mlango. Kwa sababu hiyo, mzazi aulize bila kuona haya: mwalimu amejifunza wapi na chini ya nani, klabu imesajiliwa, kuna sanduku la huduma ya kwanza, na ni nani mtu mzima mwingine anayekuwapo wakati wa mazoezi? Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya michezo nchini, na klabu husajiliwa kwa utaratibu wake. Afisa Michezo wa halmashauri anaweza kumwelekeza mzazi anayetaka kuhakikisha usajili.

Mlango wa ukumbi unapaswa kuwa wazi kwa mzazi anayetaka kutazama. Mwalimu anaposahihisha mkao wa mtoto kwa kumgusa, hufanya hivyo mbele ya wengine. Mazoezi ya faragha ya mtoto mmoja, ujumbe wa simu wa siri, zawadi ambazo mtoto anaambiwa asizitaje nyumbani, au safari ya kulala nje isiyo na mzazi yeyote, ni mambo ya kukataliwa hata kama mwalimu anaheshimika kiasi gani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kifungu cha 13 kinakataza mateso, adhabu za kikatili na vitendo vya kumdhalilisha mtoto, na kinaeleza kuwa kumrudi mtoto kusipite kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali ya mwili na akili yake. Zoezi gumu ni sehemu ya mafunzo. Kumchapa mtoto, kumnyima maji au kumpanga kwa makusudi na aliyemzidi sana nguvu ili aaibike si mafunzo.

Mtoto aliyepigwa kichwani, akapepesuka, akatapika, akalalamika kichwa kinamuuma au akaonekana kuchanganyikiwa, asirudi mazoezini siku hiyo. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa walio mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya KCMC zipo karibu. Arejee kwa ruhusa ya daktari, hata kama mashindano ni wiki ijayo.

Njia ya kurudi

Giza huingia Moshi karibu saa moja jioni, na chini ya migomba huwa giza mapema zaidi. Familia ikubaliane na mwalimu ni nani atakayemchukua mtoto, na mwalimu asimwachie mtu mwingine. Kama mtoto hupanda bodaboda, dereva awe mtu anayefahamika na familia. Wazazi wa njia moja wanaweza kupokezana kuwasindikiza watoto. Mzazi anayechelewa kila mara humfanya mwalimu kuwa mlinzi wa usiku, au humwacha mtoto peke yake penye giza, na hakuna mbinu ya kujihami inayofidia hilo.

Lalamiko lipelekwe wapi

Kutoelewana kuhusu ada, ratiba au mikanda huanzia kwa mwalimu, kisha kwa viongozi wa klabu, na likishindikana hufikishwa kwa Afisa Michezo wa halmashauri. Katika mila za Wachaga, jani la isale limepatanisha majirani na ndugu kwa vizazi vingi, na ugomvi wa aina hiyo unaweza kweli kumalizwa kwa kuombana radhi.

Madhara aliyofanyiwa mtoto ni jambo jingine. Kipigo, udhalilishaji au tendo lolote la kingono halimalizwi kwa isale, kwa mbege wala kwa fidia ya siri kati ya koo mbili. Linapelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, au kwa simu ya bure namba 116 ya huduma kwa mtoto. Sheria inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya eneo lake, awe mzazi wa mtoto huyo au mzazi wa mwenzake aliyekaa benchi moja naye.

Mtoto akirudi jioni, aulizwe maswali mawili: leo umejifunza nini, na kuna lolote lililokusumbua? La kwanza litamfurahisha kulijibu. La pili liulizwe kila mara, kwa sauti ileile ya kawaida, ili siku atakapokuwa na jibu zito asiogope kulitoa.