Sataranji (3): Kula si Lazima

Wiki jana tulijifunza mwendo wa kila kete. Leo tuutazame mchezo mmoja nilioushuhudia ukumbini huku Likoni, kati ya vijana wawili ambao mashindano bado ni mageni kwao.

Mweupe alisogeza kitunda cha mbele ya mfalme hatua mbili, mweusi vivyo hivyo. Mweupe akatoa farasi. Mweusi akakilinda kitunda chake kwa kingine. Mweupe akatoa askofu, na mweusi akatoa wake, akamkabili yule farasi: akibanduka tu, malkia aliye nyuma yu wazi. Farasi wa pili wa mweupe akatoka. Mweusi akasogeza kitunda kilicho mbele ya farasi wake, upande wa mfalme, hatua moja.

Hapo farasi aliyekabiliwa akabanduka! Akala kitunda cha katikati, malkia akaachwa wazi.

Mkono wa mweusi ulikwenda mbio. Alimla malkia, akamfumbata kiganjani, ndipo akakumbuka kubonyeza saa.

Sisi tumelelewa na bao. Kwenye bao awezaye kula lazima ale, na dama ni hivyo hivyo. Mtoto aliyekulia barazani Kisauni, mkono wake unaijua amri hiyo kabla ya akili. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina miraba 64 na kete 32, na huku kula ni hiari. Mweusi angemla farasi kwa kitunda, malkia wa mweupe angemla askofu wake, basi. Hasara ingekuwa kitunda kimoja.

Askofu wa mweupe akala kitunda kando ya shaha (ndivyo wazee walivyomwita mfalme, kwa neno lile lile la Kiajemi tunalomvika mkuu wa malenga). Shaha alibaki na mraba mmoja wa kukimbilia. Akaenda. Farasi wa pili akarukia katikati, mchezo ukaisha kwa hatua 7, na malkia bado yumo kiganjani mwa aliyeshindwa.

Mtego huu ni wa Légal, mchezaji wa sataranji wa Paris, karne ya 18, mwalimu wa bingwa Philidor. Dawa yake ilikuwa hatua ya nne: mweusi angemtoa farasi wa upande wa mfalme, angemlinda askofu wake na kuuziba mraba wa pigo la mwisho. Pangeni kete nyumbani mlijaribu hilo. Wiki ijayo tutaanzia hapo.