Karatasi ya Wapiga Kelele

Walimu wenzangu, niulizeni jambo jingine. Swali la "nichague kiranja wa namna gani ili darasa litulie nikitoka?" nimelichoka. Huulizwa kwenye kila semina ya Uraia na Maadili, na muulizaji huwa ana jibu lake tayari: anataka kiranja mkali, asiyeona haya kuandika majina.

Basi tuizungumze hiyo karatasi. Aliyesoma shule ya msingi hapa kwetu anaijua. Mwalimu anakwenda ofisini, kiranja anasimama mbele na kalamu, jina lako linaandikwa. Ukiongea tena linawekewa mara mbili, mara tatu. Mwalimu anarudi, anasoma, anachapa. Watu wazima huisimulia kwa kicheko na kuapa kwamba iliwanyoosha.

Iliwanyoosha wapi? Mtoto wa miaka tisa anapewa mamlaka ya kushtaki bila ushahidi. Rafiki zake hawaandikwi. Aliyemnyima kashata jana anaandikwa akiwa kimya kabisa. Mwenye ubuyu anafutwa kabla mwalimu hajafika mlangoni. Mshtakiwa haulizwi neno, eti kiranja hasemi uongo! Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inatoa haki ya kusikilizwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Hata kanuni za viboko, ambazo ningefurahi zikifutwa kama Kenya walivyofanya mwaka 2001, zinataka mchapaji awe mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Kuchapa foleni nzima kwa karatasi ya mtoto hakumo humo.

Na huo utulivu mnaousifu ni woga wa kalamu tu. Kiranja akiugua malaria siku mbili, kelele zinasikika hadi barabarani. Walichokishika watoto ni kwamba mwenye kalamu huhongwa na mnyonge hana pa kusemea. Kipindi kinachofuata tunawakaririsha madhara ya rushwa, wanapata alama zote, nasi tunashangaa wakubwa wao wanavyoendesha ofisi.

(Usafi wa choo nao, jamani, acheni kuufanya adhabu. Anayefagia kwa kuadhibiwa atajuaje kwamba mali ya umma ni yake?)

Mnataka mbadala, haya. Watoto watunge wenyewe kanuni tano za darasa, zibandikwe ukutani, na mwalimu naye azifuate, ya kuwahi ikiwemo. Kiranja abadilishwe kila wiki mbili, achaguliwe kwa kura, kazi yake iwe kugawa vitabu na kupeleka shida za wenzake kwa mwalimu. Ijumaa dakika ishirini za baraza la darasa: mlalamikaji aseme, mlalamikiwa ajibu, wengine waamue namna ya kurekebisha, bila fimbo. Zamu za usafi zipangwe kwa kura ya bahati, watoto wa walimu wasirukwe. Mara moja kwa muhula mwalikeni mtendaji wa kata, watoto wamuulize maswali waliyoyaandaa wenyewe, hata la maji ya bomba. Darasa la wanafunzi tisini ligawanywe makundi, kila kundi lilete hoja moja tu barazani. Kura za kumchagua kiranja ziwe za siri. Vikaratasi vya daftari kuukuu na kopo tupu la rangi vinatosha, ila mwalimu asihesabu peke yake.